Tusikimbilie Kubadili Kioo

Upo ugonjwa wa simu za kugusa ambao sasa umeenea mijini na hata katika vituo vidogo vya biashara vilivyo mbali na lami. Simu huanza kujibonyeza yenyewe. Mwenyewe ameiweka mezani, yu pembeni anakunywa chai, mara huiona ikifungua ukurasa na kuufunga, ikiandika herufi zisizosomeka, na wakati mwingine ikimpigia mtu ambaye asingependa kumpigia saa hiyo. Au hutokea kinyume chake: kidole kinagusa, kinagusa tena, kinakandamiza kwa hasira, na kioo kimenyamaza kama askari aliyesinzia lindoni. Mwenye simu huenda kwa fundi. Fundi huitazama dakika moja, hutikisa kichwa na kutamka maneno mawili: "Kioo kimekwisha." Hapo hulipwa fedha ambazo zingenunua mbegu na mbolea ya msimu, na baada ya wiki mbili ugonjwa hurudi vile vile.

Sisi twaona kwamba jambo hili limefika mahali pa kutazamwa kwa makini na wananchi pamoja na wakubwa wenye dhamana. Simu ya leo si chombo cha mazungumzo tu. Ndani yake mna mshahara wa mwalimu, karo ya watoto, akiba ya chama cha akina mama na malipo ya mkulima wa kahawa wa Bugisu. Sifuri moja iliyojiandika yenyewe yaweza kugeuza shilingi 50,000 kuwa 500,000, na aliyezipokea asipokuwa mwungwana, kuzirudisha ni safari ndefu.

Hoja yetu ni kwamba maradhi mengi ya namna hii hayatokani na kioo. Yanatokana na amri zinazokiendesha kioo, na amri hurekebishwa kwa amri nyingine, bila bisibisi na bila gundi. Ila hatusemi kwamba yote yako hivyo, na huko mbele tutaeleza kwa nini.

Ili tueleweke, yafaa tueleze kidogo jinsi kioo hicho kinavyofanya kazi. Watu wengi hudhani kwamba kioo husikia uzito wa kidole, kama kitufe cha redio. Sivyo. Chini ya kioo cha juu umetandazwa wavu wa nyuzi nyembamba mno, za kitu kinachopitisha umeme na mwanga kwa pamoja, mara nyingi oksidi ya indiamu na bati. Nyuzi nyingine zimesimama wima, nyingine zimelala, na kila zinapokingamana pana chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, kwa hiyo nao hupitisha umeme. Kidole kikikaribia, chaji ile hubadilika kidogo. Badiliko lenyewe halifiki hata pikofaradi moja, yaani sehemu moja ya milioni milioni ya faradi. Kipo kichipu kidogo kuliko ukucha ambacho kazi yake ni kuyapitia makutano yote, mara zaidi ya 100 katika simu nyingi za leo kwa kila sekunde inayopita, na kuuliza kila mahali: hapa pana kidole au hapana?

Hapo ndipo penye siri. Kichipu hakioni kidole, huona tarakimu. Nazo tarakimu hupanda na kushuka kwa sababu nyingi ambazo si kidole: jasho, tone la mvua, baridi ya ghafla, joto la betri, kioo cha kinga kilichobandikwa juu, na mara nyingi kelele za umeme zitokazo katika chaja hafifu. Lazima awepo wa kuamua kwamba tarakimu hii ni kidole na ile ni jasho. Mwamuzi huyo ni programu ndogo iliyoandikwa kiwandani na kuwekwa ndani ya kichipu chenyewe, ambayo mafundi huiita fimwea. Fimwea ndiyo inayoweka kipimo cha nini kipuuzwe na nini kipokewe. Kipimo kikiwa chini mno, simu hujibonyeza kwa kila unyevu. Kikiwa juu mno, bibi mwenye vidole vikavu vilivyokomazwa na jembe atagusa hadi achoke. Aliyepata kusimama zamu ya usiku langoni anaelewa jambo hili bila kufundishwa: mlinzi anayefyatulia kila jani linalotikisika ni hatari kwa kambi, na asiyeshtuka kwa lolote ni hatari zaidi. Wote wawili macho yao ni mazima. Kilichopotoka ni maagizo waliyopewa.

Wengi hufikiri kwamba kioo cha kugusa kilizaliwa mwaka 2007, Steve Jobs alipoionyesha dunia iPhone ya kwanza. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi, na chimbuko lake liko karibu na sisi wa jeshini kuliko wauzaji wa simu wanavyojua. Mwaka 1965 Mwingereza E. A. Johnson, mtumishi wa taasisi ya serikali ya utafiti wa rada mjini Malvern, alichapisha maelezo ya kioo kinachotambua kidole kwa njia ya umeme, na kusudi lake lilikuwa kuwarahisishia kazi waongozaji wa ndege. Miaka michache baadaye wahandisi wa kituo cha CERN, karibu na Geneva, walitengeneza vioo vyao wenyewe, na mwaka 1976 vikaanza kutumika kuendesha mtambo mkubwa wa kukimbiza chembe za atomu. Vioo hivyo vilikuwa na vitufe vichache visivyohama, na mkono ulioguswa ulikuwa wa mtaalamu aliyekaa kitini ndani ya chumba kikavu. Kioo cha simu ya leo kinatakiwa kutambua vidole 10 kwa pamoja, kutofautisha kidole na shavu la mtu anayezungumza, na kutii mfukoni, juani na mvuani. Maamuzi yamekuwa mengi, na kila uamuzi ni mlango mmoja wa kosa.

Na si mguso peke yake unaotawaliwa na programu. Picha nayo ni hivyo hivyo. Simu nyingi za bei ya juu na ya kati sasa zina kioo cha OLED, ambacho kila nukta yake ni taa inayojiwakia, tofauti na vioo vya kwanza vilivyomulikwa na taa moja ya nyuma. Watengenezaji wameshindana pia kuongeza kasi ya kubadilisha picha: zamani ilikuwa mara 60 kwa sekunde, Razer wakatoa simu ya mara 120 mwaka 2017, OnePlus wakaja na ya 90 mwaka 2019, na iPhone 13 Pro ikafika 120 mwaka 2021. Ni programu inayoamua kasi ipande lini na ishuke lini ili betri isimalizike kabla ya adhuhuri. Ni programu inayoamua weupe uwe mweupe kiasi gani na nukta zipi zipumzishwe zisiungue. (Kwa maoni yetu, mtu anayesoma taarifa ya salio hana haja kubwa na picha 120 kwa sekunde, lakini hilo ni la mnunuzi na mfuko wake.) Tunachotaka kusema ni kwamba mtu akinunua sifa hizo zilizoandikwa kwa herufi za dhahabu juu ya kasha, sehemu kubwa ya alichonunua ni ahadi ya programu. Kioo utakishika mkononi. Ahadi huwezi kuishika.

Tutaje mifano, maana hoja bila ushahidi ni porojo. Mwaka 2013 kompyuta ndogo ya Nexus 7 ya toleo la pili, iliyotengenezwa na Asus kwa ajili ya Google, ilitoka madukani mwezi Julai, na mara wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba ikiguswa kwa vidole viwili hupotea njia. Mwezi uliofuata yakatumwa marekebisho, na vingi vya vifaa hivyo vikapona bila kufunguliwa. Mwaka 2017 iPhone X iliingia sokoni kuelekea majira ya baridi ya nchi za kaskazini, na mtu akitoka ndani kwenye joto kwenda nje penye theluji, kioo kiligoma kwa muda. Tarehe 16 Novemba mwaka huo Apple walitoa sasisho lililotaja kosa hilo waziwazi na kuliondoa. Galaxy S8 ya Samsung, mwaka huo huo, ilikuwa na vioo vilivyoonekana vyekundu kuliko ipasavyo. Dawa ilikuwa sasisho lililompa mwenye simu nafasi zaidi ya kurekebisha rangi. Mwezi Oktoba 2020 Galaxy S20 FE ilitoka na mguso uliorukaruka, nayo ikatibiwa kwa masasisho kadhaa yaliyofuatana.

Mfano mwingine ni wa kutisha kidogo. Mwezi Oktoba 2019 iligundulika nchini Uingereza kwamba Galaxy S10, ambayo kioo chake husoma alama ya kidole kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, ilifunguka kwa kidole cha mtu yeyote ikiwa imevishwa kinga fulani ya silikoni. Kinga yenyewe ilikuwa ya bei rahisi, kama zile zinazouzwa kandokando ya barabara zetu kila siku. Samsung walitoa programu ya kusahihisha mwezi huo huo. Aliyeipokea alilindwa, na ambaye hakuipokea alibaki na mlango wenye kitasa lakini usio na ufunguo wa peke yake.

Katika mifano hii yote, fundi wa mtaani angebadilisha kioo. Angelipwa, na kasoro ingebaki.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana wapo ndugu zetu waliozama katika imani kwamba sasisho ni dawa ya kila kitu, na wauzaji wengine huwatia nguvu kwa kuwaambia wanunuzi wenye malalamiko, "Subiri, sasisho linakuja." Mwaka 2016 iPhone 6 Plus nyingi zilipatwa na ugonjwa wa kupoteza mguso, huku ukanda wa kijivu ukicheza juu ya picha. Watu walibadilisha vioo, haikusaidia. Walisasisha, haikusaidia. Kosa lilikuwa katika vichipu vya mguso vilivyopachikwa juu ya bodi, ambavyo viungo vyake vya risasi vililegea simu ilipopindwa au kuangushwa mara kwa mara. Mwezi Novemba mwaka huo Apple walifungua mpango wa matengenezo kwa malipo ya dola 149. Mwezi Desemba 2020 wenyewe walitangaza kubadilisha bure vioo vya baadhi ya iPhone 11 zilizotengenezwa kati ya Novemba 2019 na Mei 2020, kwa sababu vilikufa mguso. Kwa Pixel 2 XL ya Google ya mwaka 2017, ambayo picha zilianza kuacha kivuli juu ya kioo baada ya muda mfupi, programu iliweza tu kupunguza mwanga wa juu kabisa na kufifisha vitufe vya chini ili uharibifu uende polepole. Nukta iliyokwisha kuchakaa haifufuki, na Google walilazimika kuongeza dhamana kuwa miaka miwili.

Wapo pia wanaosema kwamba masasisho ni hila ya kuua simu za zamani ili watu wanunue mpya. Hatuwezi kuwacheka. Mwezi Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliwatoza faini Apple euro milioni 10 na Samsung milioni 5 kwa sababu ya masasisho yaliyopunguza nguvu za simu zilizokwisha kuuzwa. Mwaka 2020 Ufaransa iliwatoza Apple euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja kwamba sasisho laweza kupunguza mwendo wa simu zenye betri iliyochoka. Na kuhusu kioo chenyewe, liko tukio ambalo fundi yeyote wa nchi zetu yafaa alijue. Masika ya mwaka 2018 sasisho la iOS 11.3 lilipoingia katika iPhone 8, simu zilizokuwa zimewekewa vioo visivyo vya kampuni zilipoteza mguso ghafla. Mtu alilala na simu nzima, akaamka na kipande cha kioo. Tarehe 24 Aprili likatoka sasisho jingine, 11.3.1, likairudisha hali. Yaani amri iliyoandikwa California ilizima kioo kilichofungwa kibandani ng'ambo ya bahari, na amri nyingine ikakiwasha. Katika nchi ambamo simu hutengenezwa kwa vipuri vinavyopatikana, mara nyingi visivyo vya kampuni, nguvu ya namna hiyo haifai kuachwa bila mtu wa kuihoji.

Lakini woga huo usitufikishe kwenye uamuzi wa kukataa masasisho kabisa, kama wanavyofanya wengi. Sisi tuliopita chuo cha maafisa tulifundishwa kisa kimoja ambacho hatujakiona kikiandikwa katika ukurasa huu. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud lililorushwa na Irak lilianguka juu ya bweni la askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, na kuua askari 28. Kikosi cha makombora ya kujihami ya Patriot kilikuwapo na mitambo yake ilikuwa imewashwa, lakini hakuna kombora hata moja lililofyatuliwa kulikabili. Ripoti ya wakaguzi wa bunge la Marekani ya mwaka 1992 ilieleza kwamba kompyuta ya mtambo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na hesabu hiyo ilikuwa na upungufu mdogo sana uliolimbikizana kadiri mtambo ulivyokaa bila kuzimwa. Baada ya saa 100 kosa lilifika kama theluthi moja ya sekunde, likatosha kuifanya rada imtafute adui mahali ambapo hakuwapo.

Wakati bweni linapigwa, programu iliyosahihishwa ilikuwa imekwisha kuandikwa. Ilitolewa tarehe 16 Februari. Ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya maziko kuanza kupangwa. Na kabla ya hapo vikosi vilikuwa vimepelekewa taarifa kwamba kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kwaweza kuleta kasoro, ila taarifa haikusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Kuuzima na kuuwasha upya kungetosha kuiondoa ile hitilafu kwa siku hiyo, kama vile fundi wa mtaani anavyoshauri.

Simu si kombora. Lakini yale mawili yaliyowaua wale askari tunayakuta katika biashara ya simu kila siku: dawa inayochelewa njiani, na taarifa isiyosema kitu. Fungua leo maelezo ya sasisho la simu ya bei ya chini. Mara nyingi utasoma kwamba limeleta "uboreshaji na marekebisho ya hitilafu". Hitilafu ipi? Ya kioo, ya sauti, ya usalama? Afisa akiandika amri ya namna hiyo, mkuu wake atairudisha.

Hapa kwetu dawa huchelewa kwa sababu tunazozijua. Sasisho kubwa laweza kuzidi GB moja, na bando la wiki la kijana wa Kitgum halifiki huko. Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilianza Julai 2018, ikaondolewa Julai 2021 na mahali pake ikaingia kodi ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Nia ya kodi ni kujenga taifa, lakini kodi hiyo haibagui kati ya mtu anayetazama dansi na mtu anayetibu simu yake. Kuna tena simu zenye nafasi ndogo, zilizojaa picha na video, ambazo husema hakuna mahali pa kuliweka sasisho, mwenyewe akabonyeza "baadaye" kwa mwaka mzima. Na liko kubwa kuliko haya: simu nyingi zinazouzwa kwetu hazina ahadi yoyote ya masasisho. Google walipotoa Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi miaka 7, na Samsung wakafanya vivyo hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Hizo ni simu za wenye nazo. Mtu wa kawaida ananunua simu ya shilingi laki tatu, muuzaji anamwonyesha kamera na ukubwa wa kioo, na hakuna anayetaja programu yake itatunzwa hadi lini.

Wakati tukingoja sheria, yako mambo ambayo mwananchi aweza kuyafanya mwenyewe kabla ya kumpelekea fundi fedha. Tunaye koplo mmoja kikosini ambaye simu yake ilijibonyeza kila usiku. Alikwisha kubadilishiwa kioo mara mbili kwa shilingi 120,000 kila mara, akaja akisema, "Afande, simu hii imelogwa." Tulimwambia aichomoe kwenye chaja. Ikatulia. Aichomeke. Ikaanza. Chaja ilikuwa ya shilingi elfu tano, ya kununuliwa kituo cha basi, nayo ilikuwa inapeleka kelele za umeme ndani ya wavu tuliokwisha kuueleza. Leo anatumia chaja nyingine na simu ile ile.

Baada ya chaja, ondoa kinga iliyobandikwa na ufute kioo kwa kitambaa kikavu, kisha zima na kuwasha. Ikiwa simu ina sehemu ya kuongeza wepesi wa mguso kwa ajili ya kinga, iwashe au izime uone. Fungua ukurasa wa kuchorea picha, uburute kidole polepole kutoka ukingo hadi ukingo: mstari ukikatika mahali pale pale kila mara, shaka ielekee kwenye kioo au waya wake, ukikatika leo hapa na kesho pale, shaka ielekee kwenye amri. Kama ugonjwa ni mstari wa rangi juu ya picha, piga picha ya kioo kwa simu yenyewe na uitume kwa simu ya jirani. Mstari ukionekana huko, programu ndiyo iliyouchora. Usipoonekana, kioo chenyewe ndicho kilichougua na sasisho halitauponya. Kisha tazama katika mipangilio kama lipo sasisho linalongoja, ukiwa na chaji ya kutosha na mtandao wa uhakika, maana simu ikizimika katikati ya kazi hiyo yaweza isiamke tena. Na anayekaa na simu iliyofungwa kioo kisicho cha kampuni, asiwe wa kwanza. Angoje siku chache asikie yaliyowapata wengine wenye simu kama yake.

Hatutaki mafundi wetu waone kwamba tunawashambulia. Wengi wao wamejifunza kazi hii bila darasa na bila kitabu, na vijana wa vibanda vya simu wamewaokolea wananchi mali nyingi. Wanachokosa ni kile ambacho viwanda huficha: jedwali la kasoro zinazojulikana na sasisho linaloponya kila moja. Mwaka 2019 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Namanve, na mwaka huo huo Kigali walizindua simu za Mara. Mwaka 2023 Kenya wakafungua chao karibu na Mto Athi. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini kuunganisha vipande ni nusu ya kazi. Anayeandika fimwea na kuirekebisha ndiye mwenye simu kwa kweli, na katika vyuo vyetu vya ufundi yafaa somo hilo liingizwe sambamba na somo la kuchomelea waya.

Kwa wale wanaodhani kwamba tunatia chumvi kuhusu kioo cha kugusa, wakumbuke manowari ya Marekani USS John S. McCain iliyogongana na meli ya mafuta karibu na Singapore tarehe 21 Agosti 2017, mabaharia 10 wakafa. Wachunguzi walitaja miongoni mwa sababu mfumo wa usukani wa vioo vya kugusa uliowachanganya mabaharia, waliokuwa pia hawakufunzwa vya kutosha. Mwaka 2019 jeshi hilo la majini lilisema litarudisha mikono ya kawaida ya kuongeza na kupunguza mwendo katika meli za aina hiyo. Walioifunga teknolojia hiyo melini wenyewe hawaoni haya kuihoji.

Basi tunapendekeza haya kwa Tume ya Mawasiliano na kwa Shirika la Viwango, ambao tayari wana mamlaka ya kukagua vifaa vinavyoingia nchini. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria yao inamlazimisha mtengenezaji kusema masasisho ya usalama yatatolewa hadi lini. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka simu mpya zipewe masasisho kwa angalau miaka 5 tangu toleo lake lilipoacha kuuzwa. Simu za viwanda vile vile huteremka Mombasa na kupanda hadi kwetu bila sharti hilo. Hatuombi miaka 5 kwa siku moja. Tunaomba kwanza tarehe, iliyopigwa chapa juu ya kasha kwa tarakimu zinazosomeka, ya siku ambayo simu hiyo itaacha kupokea masasisho, na simu isiyo na tarehe isipewe kibali. Pili, makampuni ya simu yakubaliane kwamba sasisho linalotoka kwa mtengenezaji lipite bila kukata bando la mteja, kama baadhi ya kurasa zinavyofunguliwa bure. Tatu, maelezo ya kila sasisho yataje kasoro kwa jina lake, na yapatikane kwa Kiswahili pia, ili mama wa Busia ambaye kioo chake hakimtii ajue kama dawa yake imefika au bado iko njiani.